Bwege, Mjinga na Mpumbavu

SWALI: Mhariri, katika kituo cha teksi hapa Kampala kondakta aliniita "bwege" kwa kuwa nilipanda gari la Mbale badala ya la Masaka. Je, ni sawa na "mjinga"?

JIBU: Ndugu msomaji, maneno hayo yanakaribiana lakini hayalingani. Mjinga kwa asili ni asiyejua jambo, na zamani hata mgeni asiyezoea mji aliitwa hivyo, ndiyo maana tunasema kuuliza si ujinga. Mpumbavu ni zito zaidi, kwani humshutumu mtu kuwa hana akili, kama Waganda wasemavyo "musiru". Bwege, sawa na zuzu, ni mtu aliyeduwaa, anayedanganyika upesi. Wewe ulikosea gari tu. Kondakta huyo amekuonea.