Jibu: Toyota 86 kwenye mvua, Nakuru hadi Kisumu

Ndugu, umeuliza kwa nini nyuma ya Toyota 86 yako huyumba unaposafiri kutoka Nakuru kwenda Kisumu wakati wa mvua. Gari hilo husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kwa nguvu katikati ya kona, hasa kwenye miteremko ya upande wa Kericho, matairi hayo hulazimika kulisukuma gari na papo hapo kulizuia lisitoke njiani, kazi ambazo lami iliyolowa haiyaruhusu kuzifanya pamoja. Punguza mwendo kabla ya kona, usukani ukiwa bado umenyooka, kisha ongeza mafuta polepole unapotoka. Nyuma ikiteleza, legeza mafuta taratibu bila kuondoa mguu ghafla, na uelekeze usukani upande ule ule ambao nyuma inatelezea. Mfumo wa kuzuia utelezi usizimwe. Wanaouzima ili waonekane mahodari mimi siwaelewi. Kagua matairi pia, kwa kuwa tairi pana huelea juu ya maji upesi zaidi: milimita 1.6 za kashata (kina cha mifereji ya tairi inayotoa maji) ndicho kiwango cha chini kisheria katika nchi nyingi, lakini mimi ningeyabadilisha yakifika 3.