Mleta mada, anza na kiwavi wa mndimu

Mleta mada anasema mwanawe ana miaka minne, wanaishi nyumba ya kupanga Tabata, na mtoto anawataja simba na twiga wote wa kwenye katuni, ila akiona panzi anakimbilia kwa mama yake. Anauliza aanzie wapi kumfundisha habari za viumbe na mazingira kwa vitendo, na anunue vifaa gani. Naona wachangiaji wengi wamemwelekeza Mikumi. Mikumi ni kuzuri, lakini mtoto wa miaka minne atamwona tembo kupitia dirisha la gari kwa dakika chache, asimguse, asimlishe, wala asijue kesho yake tembo yule kafanya nini. Umri huo unataka kiumbe mmoja mdogo, ambaye mtoto atamtazama kila asubuhi mpaka abadilike mbele ya macho yake.

Nafundisha darasa la awali hapa Tanga, na mvua zikishanyesha mindimu ikachipua, naanza na kiwavi wa mndimu. Utampata karibu kila penye mndimu, mlimau au mchungwa ambao haujapuliziwa dawa, hata ule mmoja ulio uani kwa jirani. Kipepeo wake ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano mpauko. Wataalamu wanamwita Papilio demodocus. Hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga, dogo, la mviringo, la manjano. Kiwavi akitoka huwa mweusi mwenye baka jeupe, na ukimtazama utadhani ndege kajisaidia juu ya jani. Ndiyo kinga yake hiyo, maana ndege hahangaiki na kinyesi. Usimwambie mtoto. Mwoneshe jani, muulize anaona nini, kisha nyamaza. Siku kinyesi kile kitakapoanza kutembea, hutakuwa na kazi tena ya kumbembeleza mtoto atazame majani.

Akijivua ngozi mara kadhaa anageuka wa kijani, mnene, na wa kuvutia kweli. Hapo mguse taratibu nyuma ya kichwa kwa unyoya wa kuku. Zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inakujia puani. Watoto huruka nyuma, halafu wanarudi wote kwa pamoja. Mguso mmoja unatosha. Waeleze kwamba amefanya vile kwa sababu ameogopa, kisha mwacheni ale. Nimewahi kuwa na mtoto aliyekuwa akiponda kila mdudu kwa kandambili. Baada ya pembe zile akawa ndiye anayewakataza wenzake.

Sasa vifaa. Hununui kifaa chochote. Chukua chupa kubwa ya maji, ikate juu, weka ndani kichupa kidogo chenye maji na tawi la mndimu lenye majani. Mdomo wa kichupa uzibe kwa pamba, la sivyo kiwavi atateremka na kuzama. Juu funika kwa kipande cha pazia jepesi na ufunge kwa mpira. Usitumie chandarua cha kulalia, kwa sababu vingi vina dawa, na dawa ile haichagui mbu na kiwavi. Kwa sababu hiyohiyo, chumba alimo kisipuliziwe dawa ya mbu.

Kazi ya kubadilisha majani na kumwaga kinyesi mpe mtoto, iwe yake kila siku kabla ya chai. Ataona mwenyewe kwamba kiwavi akikua na vile vipunje vya kinyesi vinakua. Jaribuni pia kuweka jani la mwembe kando ya jani la mndimu. La mwembe litabaki zima, na mtoto atakuuliza kwa nini. Muulize na wewe: ulipolitoa lile la mndimu likachanika, ulisikia harufu gani? Na la mwembe je? Mtoto wa miaka minne anaweza kabisa kufika mwenyewe kwenye wazo kwamba mdudu huyu anajua chakula chake kwa harufu na ladha.

Niseme kuhusu kuchora, kwa sababu hapa ndipo ninapoona mtoto amejifunza au la. Wiki ya kwanza wote wanachora kiwavi wa katuni: mduara juu ya mduara, macho mawili na tabasamu. Siwasahihishi. Kila siku nawaambia chora tena, huku unamwangalia. Siku moja binti wa miaka mitano alinijia na karatasi yake akasema, "Mwalimu, ana miguu ya namna mbili." Alikuwa sahihi. Jozi tatu za mbele, karibu na kichwa, ni myembamba na imechongoka. Ile ya nyuma ni minene na laini, ya kushikia tawi. Hakuna mtu aliyemfundisha. Ningekuwa nimeanza kwa kumbandikia chati ukutani, nina hakika angekariri chati asiitazame miguu.

Kiwavi akiacha kula na kuanza kuhangaika huku na huko, mwekee vijiti virefu vilivyosimama. Atajishikiza kwa mkia, ajifunge uzi wa hariri kiunoni, avue ngozi ya mwisho, awe pupa, yaani kile kifuko kigumu kilichotulia ambamo kiwavi anageuka kipepeo. Kuanzia hapo asiguswe. Ni wiki mbili hivi za kusubiri, na ndizo ngumu, maana watoto wanasema amekufa. Mmoja achore mstari wa chaki ukutani kila asubuhi. Siku pupa ikiwa nyeusi na madoa ya mbawa yakaonekana kwa ndani, kaeni karibu. Kipepeo hutoka na mbawa zilizokunjamana, ananing'inia, anazijaza, anazikausha kwa muda mrefu. Lazima awe na nafasi ya kuning'inia, vinginevyo mbawa zinakauka zikiwa zimepinda na hataruka kamwe. Msimsaidie kutoka.

Na kuna pupa ambazo kipepeo hatoki. Panatoboka tundu, wanatoka nyigu wadogo sana. Mzazi mmoja aliniomba niwe nazitupa kabla watoto hawajaona. Nilikataa, na ningekataa tena. Niliwaambia ukweli: mama nyigu alitaga mayai yake ndani, na watoto wake walikula humo. Walisikitika, wakauliza maswali mengi, na kesho yake walikuwa wa kwanza kwenda kukagua pupa zilizobaki. Mtoto anaumia zaidi akigundua mwalimu anamficha.

Usalama usiufanyie mzaha. Bibi zetu wanaposema viwavi wanawasha, wanajua wanachosema: wenye manyoya wanawasha kweli. Huyu wa mndimu hana manyoya, kwa hiyo sheria ya darasani kwangu ni fupi: mwenye nywele haguswi. Mkiwa nje, mfundishe mapema kutoweka mbegu yoyote mdomoni, hasa za mbono, za mbarika, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Zina sumu, na zile nyekundu zinavutia mno macho ya mtoto. Mikono inaoshwa kwa sabuni kila mkimaliza.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba mambo ya viwavi ni mchezo usio na faida. Kaka, fika Amani, Usambara Mashariki. Kule wanakijiji walifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Gede, Kenya, mradi wa Kipepeo umekuwepo tangu 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na wakulima wanaofuga pupa wana sababu ya kutaka msitu ubaki. Wote hao wanajua kwa undani jani gani linaliwa na nani.

Kwa Tabata, mleta mada, nunua mche wa ndimu kwa wauza miche wa barabarani, na uulize kama umepuliziwa dawa. Ukiwa umepuliziwa, chagua mwingine. Uweke kwenye ndoo mahali penye jua, kibarazani au dirishani kwa nje. Vipepeo wanautafuta wenyewe, hata mjini. Mche ukiwa mdogo acha kiwavi mmoja tu, kwa sababu wawili watatu wanaweza kuumaliza majani. Wengine wahamishie mti mkubwa wa jirani, na mwende pamoja na mtoto kumwomba ruhusa. Mayai ya kwanza ukiyaona, weka picha hapahapa kwenye mjadala huu nikuambie ni ya huyu au ya mdudu mwingine.