Gharama ya Mafuriko Huhesabiwaje, na Je, Kujiandaa Kunalipa?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mafuriko au ukame unapotokea tunatangaziwa kwamba mabilioni yamepotea. Hesabu hizo hufanywaje? Tena, ni busara kweli kwa nchi ambayo shule zake hazitoshi kutumia fedha kujikinga na janga ambalo huenda lisitokee mwaka huu wala mwaka ujao?

JIBU: Wachumi hutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa, yaani uharibifu, ambao ni thamani ya vitu vilivyobomoka, na hasara, ambayo ni mapato yanayoendelea kukosekana hata baada ya maji kupungua. Daraja likisombwa, gharama ya kulijenga upya ni uharibifu; mazao yanayoozea ng'ambo ya mto na mafuta yanayoteketea kwa malori kuzunguka njia ndefu miezi mingi ni hasara. Katika mafuriko ya Pakistan ya mwaka 2022, makadirio ya serikali na washirika wake yalikaribia dola bilioni 15 za uharibifu na bilioni 15 nyingine za hasara, kwa hiyo nusu ya gharama haikuonekana katika picha za nyumba zilizozama.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo hesabu hizo hulipita, nalo hunisikitisha kuliko yote. Mfugaji aliyeishiwa kwa ukame humuuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya kutupa ili apate chakula cha wiki chache. Katika vitabu vya taifa ng'ombe amebadilisha mmiliki tu, ilhali kaya ile imepoteza maziwa, ndama na karo ya miaka ijayo.

Kuhusu shule, sioni kwamba tunalazimika kuchagua. Kujikinga kwingi hufanyika ndani ya ujenzi uleule: msingi ukainuliwa, kalvati likapanuliwa, na baadaye likazibuliwa matope kabla ya masika. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2019 kwamba kuimarisha miundombinu mipya katika nchi zinazoendelea huongeza takriban asilimia 3 tu ya gharama, na kwamba kila dola 1 inayowekezwa hurudisha dola 4. Bangladesh, ambako kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, ilijenga mfumo wa tahadhari, makazi ya kujihifadhi na jeshi la watu wa kujitolea. Kimbunga Amphan kilipoipiga mwaka 2020, watu zaidi ya milioni 2 walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na waliokufa nchini humo hawakufika 100. Mashamba yaliharibika, ni kweli, lakini wakulima walikuwa hai kuyapanda tena.

Inabaki fedha ya dharura, ambayo thamani yake imo katika kuwahi. Bima inayolipa mara tu kipimo cha mvua au upepo kinapovuka kiwango kilichokubaliwa, bila kusubiri wakaguzi, haitoshi kuijenga nchi upya. Inatosha kufungua barabara na kufikisha chakula na malisho kabla mfugaji yule hajampeleka ng'ombe mnadani.