Walirudi, kisha wakawarudisha watumwa wao

Maswali ya wasomaji kuhusu Agano la Kale

SWALI: Bwana asifiwe, wapendwa. Nafundisha shule ya Jumapili. Tulipokuwa tunasoma Amosi sura ya 4, mtoto mmoja akaniuliza: "Mwalimu, hawa watu walipigwa njaa, ukame, nzige, tauni, na bado hawakutubu. Walikuwa wajinga?" Nikakosa la kumjibu.
– Mwalimu, Iringa

JIBU: Amina, Mwalimu. Mwambie hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wameacha kusali. Rudi nyuma kidogo, usome mstari wa 4 na wa 5. Amosi anawakejeli watu wanaopeleka dhabihu Betheli kila asubuhi na zaka kila siku ya tatu. Ni watu wa ibada hasa. Baada ya hapo ndipo yanafuata mapigo, na neno moja linarudi mara tano, katika mistari ya 6, 8, 9, 10 na 11: "lakini hamkunirudia mimi".

Hilo "kurudi" ndilo lenye uzito wote. Kiebrania chake ni *shuv*, kitenzi cha njiani: mtu ameshika njia, anageuka, anarudi alikotoka. Kimetumika zaidi ya mara 1,000 katika Agano la Kale, na katika Yeremia peke yake zaidi ya mara 100. Kujuta moyoni kuna neno lake jingine, *nikham*. Hata "tubu" letu tulilopewa na Kiarabu lina undugu wa mzizi na *shuv* kupitia Kiaramu, na maana yake ya asili ni kurejea. Tunaposikia "tubu" tukafikiria machozi tu, tunawashangaa Waisraeli bure. Machozi walikuwa nayo. Hosea 7:14 inasema walipiga yowe vitandani mwao.

Sasa, warudi kutoka wapi? Amosi alihubiri karibu mwaka 760 K.K., wakati wa mfalme Yeroboamu wa Pili, ufalme wa kaskazini, Israeli, ukiwa na mali. Anataja vitanda vya pembe (6:4), na maskini kuuzwa kwa ajili ya jozi ya viatu (2:6). Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata Samaria, mji mkuu wake, mamia ya vipande vya pembe za ndovu vilivyochongwa kupamba samani, kwa hiyo hapo nabii hakuwa anatia chumvi. Kurudi kungemaanisha kumwachia maskini shamba lake. Dhabihu ya kila asubuhi ilikuwa nafuu zaidi.

Mawili ya kuwaeleza watoto. Mstari wa 7 unasema mvua ilizuiwa ikiwa imebaki miezi mitatu kufikia mavuno. Kule mvua huanza karibu Oktoba na kwisha karibu Aprili, na shayiri huvunwa Aprili. Kwa hiyo mvua ilikatika mimea ikiwa tayari imeota, mbegu na jasho vimeshaingia ardhini. Mkulima yeyote wa Iringa anajua hilo linauma kuliko mvua kutonyesha kabisa. La pili ni "usafi wa meno" wa mstari wa 6. Watacheka, watadhani ni habari ya mswaki. Waache wacheke, kisha uwaambie: meno yalikuwa safi kwa sababu hakuna chakula kilichopita hapo.

SWALI: "Watu wenye shingo ngumu" ni matusi au ni nini?
– Msomaji, Kisumu

JIBU: Ni lugha ya wafugaji. Neno la Kiebrania ni *oref*, kisogo, sehemu ya nyuma ya shingo ambapo ng'ombe wa kulima huvikwa nira. Ng'ombe akikaza hapo hageuki, hata umvute vipi. Linaanza katika Kutoka 32:9, baada ya ndama wa dhahabu, na Hosea 4:16 anaikamilisha picha kwa kumtaja ndama jike mkaidi.

SWALI: Shalom. Mimi ni mzee wa kanisa. Yeremia 34 inanitatiza. Mfalme Sedekia na watu wanawaachia huru watumwa wao, jambo jema, kisha wanawachukua tena. Je, ile toba ya kwanza ilikuwa ya uongo?
– Mzee wa kanisa, Bukoba

JIBU: Shalom, Mzee. Hii ndiyo sura ambayo tungependa kila anayehubiri juu ya toba aisome kabla ya nyingine zote, na ni ajabu jinsi inavyorukwa.

Kwanza hali yenyewe. Jeshi la Babeli liliuzingira Yerusalemu mwezi wa 10, siku ya 10, mwaka wa 9 wa Sedekia (2 Wafalme 25:1), yaani mwanzoni mwa mwaka 588 K.K. Yeremia 34:7 inasema miji yenye boma iliyobaki Yuda ilikuwa Lakishi na Azeka tu. Mwaka 1935 huko Lakishi vilipatikana vigae vyenye barua za kijeshi za siku hizo, na kimoja kinasema waandishi wake wanaangalia ishara za Lakishi kwa sababu Azeka hawaioni.

Watumwa hawa walikuwa Waebrania wenzao, na sheria waliyoivunja Yeremia anaitaja mwenyewe: mwaka wa saba Mwebrania aliyejiuza, au aliyeuzwa, anaachwa huru. Kumbukumbu la Torati 15:13-14 inaongeza sharti ambalo wengi hulisahau: asiondoke mikono mitupu, apewe kutoka katika kundi, katika uwanja wa kupuria na katika shinikizo la divai.

Adui akiwa ukutani, wakafanya agano ndani ya hekalu. Ndama akakatwa vipande viwili, na wakuu, matowashi, makuhani na watu wa nchi wakapita katikati yake (34:19). Maana ya kupita ni kwamba atakayevunja agano awe kama ndama huyo. Watumwa wakaachiwa. Baadaye jeshi la Farao likatoka Misri, Wababeli wakaondoka kwenda kulikabili (37:5), malango yakafunguka, na mashamba yakawa yanafikika tena. Mashamba yanahitaji mikono. Watumwa wakarudishwa.

Sasa angalia Yeremia anavyokichezesha kitenzi kimoja. Mstari wa 15: mlikuwa mmegeuka, *shuv*, mkatenda haki. Mstari wa 16: mkageuka tena, *shuv*, mkawarudisha watumwa wenu, *shuv*. Mstari wa 22: Mungu naye atawarudisha Wababeli kwenye mji huu, *shuv* vilevile. Tafsiri zetu hubadilisha maneno ili sentensi zipendeze, na mchezo wote unapotea.

Kwa hiyo, Mzee, jibu la swali lako liko mstari wa 15, na si lile tunalolitarajia. Nabii hasemi toba ya kwanza ilikuwa ya uongo. Anasema walitenda yaliyo haki machoni pa Mungu. Kosa lilikuja hatari ilipopungua. Sisi tunaongeza jambo moja, nalo ni maoni yetu: sura nzima haina mstari unaosema walioachiwa walipewa kondoo, nafaka au divai kama Kumbukumbu la Torati inavyoagiza. Mtu aliyeachiwa mikono mitupu katika mji wenye njaa ni rahisi kumkamata tena. Waliitii nusu ya sheria isiyo na gharama, na nusu iliyobaki ndiyo ingeufanya uhuru ule udumu.

SWALI: Isaya 6:10 inasema nabii aunenepeshe moyo wa watu, yaani aufanye mzito usielewe, wasije wakageuka na kuponywa. Kama Mungu ndiye aliyewazuia, kosa lao ni lipi?
– Mwanafunzi wa theolojia, Nairobi

JIBU: Usiusome mstari huo peke yake. Isaya huyohuyo anawaita waje wasemezane na Mungu (1:18), na 30:15 inasema wokovu wao uko katika kurudi na kutulia, "wala hamkukubali". Wao wakajibu: La, tutakimbia juu ya farasi. Farasi hao ni wa Misri, ni mkataba wa kijeshi. Hapo una watu wanaokataa kwa sababu wana mpango mwingine.

Sura ya 6 ni hukumu juu ya watu ambao sura za 1 hadi 5 zimeshaonyesha kukataa kwao. Neno likihubiriwa kwa asiyetaka, kila mara linamkausha zaidi. Kumbuka pia kwamba watafsiri wa Kigiriki wa kale, wale wa Septuaginta, waliandika kwamba moyo wa watu hawa umenenepa na macho yao wameyafumba wenyewe. Mathayo 13:15 inafuata tafsiri hiyo. Ukiandika insha, weka maandiko yote mawili mezani, usichague moja ukaficha jingine.

SWALI: Jirani yangu anasema manabii wanathibitisha Wayahudi ni taifa kaidi kuliko mengine. Ni kweli?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Maneno makali hayo yaliandikwa na Waisraeli, yakatunzwa na Waisraeli, yakasomwa hadharani juu yao wenyewe. Katika Nehemia 9:3 walisimama robo ya siku wakisoma torati na robo nyingine wakiungama. Ni mataifa machache yaliyohifadhi kumbukumbu za aibu zao kwa bidii hiyo. Tena wapo waliogeuka: Yeremia 26:18-19 wazee wanakumbusha jinsi mfalme Hezekia alivyolisikia neno la nabii Mika na mji ukapona. Mwulize jirani yako kama anazo kumbukumbu za namna hiyo za ukoo wake.

SWALI: Tuna vipindi vinne vya Biblia Jumatano jioni, saa moja kila kimoja. Tupange vipi mada hii bila kuwachosha watu?
– Kiongozi wa kikundi, Goma

JIBU: Kipindi cha kwanza, Amosi 4:4-12. Mtu mmoja asome, wengine wote waseme pamoja lile "lakini hamkunirudia mimi". Usilifafanue mpaka la tano limesemwa.

Cha pili, Yeremia 34 pamoja na 37:1-10. Gawa dakika 20 za mwanzo kwa mfuatano wa matukio peke yake. Vikundi vingi hukwama hapa kwa sababu hawajui kwamba Wababeli waliondoka kwa muda, na bila hilo sura haieleweki.

Cha tatu, Yeremia 44:15-23. Hapa wakimbizi walioko Misri wanakataa kwa hoja: tulipoacha kumfukizia uvumba malkia wa mbinguni, mungu wao wa kike, ndipo tulipopungukiwa na vitu vyote. Kwa kalenda wana cha kuonyesha. Mfalme Yosia alisafisha ibada mwaka 622 K.K., akauawa Megido mwaka 609, kisha uhamisho wa kwenda Babeli wa 597, kisha mji ukaanguka. Yeremia anayasoma matukio yaleyale kinyume chake. Waache wanakikundi watetee upande wa wale wakimbizi kwa dakika 10 kabla ya kumsikiliza nabii, la sivyo kipindi kitakuwa cha kuwacheka.

Cha nne, Yeremia 36. Ni mwezi wa 9, Desemba mwaka 604 K.K., na kumbukumbu za Babeli zinaonyesha kwamba mwezi uleule Nebukadreza aliuteka Ashkeloni, mji wa pwani usio mbali na Yuda. Yerusalemu ni siku ya kufunga (36:9). Gombo linasomwa mara tatu siku hiyo: kwa watu hekaluni, kwa wakuu, kisha kwa mfalme Yehoyakimu akiota moto. Kila safu tatu au nne zikisomwa, anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa kwenye makaa. Linganisha na baba yake Yosia, aliyeyararua mavazi yake aliposikia kitabu (2 Wafalme 22:11). Kiebrania kinatumia kitenzi kimoja: Yehoyakimu alilirarua gombo (mst. 23), na mavazi hawakuyararua (mst. 24). Usikatishe usomaji hapo, kama wengi wafanyavyo. Fika mstari wa 32, ambapo Yeremia anachukua gombo jingine, anampa mwandishi wake Baruku, naye anaandika yote yaliyoungua, na maneno mengine mengi ya namna ileile yanaongezwa.