Kabla ya Kununua Seva Kubwa, Tafuta Anayeila Kumbukumbu

Msimu wa kahawa ulipopamba moto, chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Mbale kiliniita kwa sababu mfumo wake wa malipo ulizimika karibu kila alasiri, saa ileile ambayo wakulima walioshuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon walikuwa wamepanga foleni dirishani. Mhasibu, mama makini sana, alikuwa ameshaombea fedha za kununua seva mpya. Nilimsihi anipe siku mbili, kwa kuwa seva iliyokuwepo ilikuwa na kumbukumbu ya kazi (RAM) ya gigabaiti 8, ilhali data zote za chama hazikufika gigabaiti 5.

Nilianza na amri ya free -h, inayoonyesha matumizi ya kumbukumbu kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva hiyo. Wengi hutazama safu ya free, wakaona imebaki kidogo, wakashtuka bure. Linux hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na PostgreSQL, programu ya hifadhidata iliyotunza malipo ya chama, hufaidika nayo; safu ya kutazamwa ni available. Kisha nilisoma daftari la matukio la Linux, na hapo ukweli ukajitokeza: kumbukumbu ilipokwisha, kiini cha mfumo endeshi kiliua mchakato mmoja wa PostgreSQL, yaani moja ya programu zake ndogo zinazohudumia watumiaji. Mchakato mmoja ukiuawa namna hiyo, hifadhidata hukata miunganisho yote na kujirejesha upya, kwa sababu haiwezi tena kuiamini kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja. Ndiyo maana madirisha yote yalisimama kwa kosa la ripoti moja.

Chanzo kilikuwa mpangilio uitwao work_mem, ambao kwa kawaida ni megabaiti 4, lakini hapa fundi aliyetangulia alikuwa ameupandisha hadi 256 ili ripoti ziende haraka. Naomba msomaji atulie hapa, kwa maana ndipo watu wengi hupotea. Kiasi hicho si cha seva nzima, wala si cha muunganisho mmoja. Ni kikomo cha kila tendo la kupanga rekodi kwa mfuatano, na matendo ya heshi (njia ya kuoanisha au kukusanya rekodi) huruhusiwa hata zaidi katika matoleo mapya, tena swali moja, yaani ombi moja la data kwa hifadhidata, laweza kuwa na matendo kadhaa kwa wakati mmoja. Matendo 40 tu yakifikia kikomo hicho ni megabaiti 10,240, zaidi ya kumbukumbu yote tuliyokuwa nayo. Asubuhi mambo yalikuwa shwari kwa sababu maswali ya dirishani ni madogo na hayakifikii kikomo; alasiri makarani wa matawi yote walifungua ripoti ya kulinganisha hesabu kwa pamoja.

Niliirudisha work_mem kwenye megabaiti 8, na kwa ripoti ile pekee nikaiongeza kwa SET LOCAL, amri ambayo athari yake huishia ndani ya muamala (kundi moja la amri za hifadhidata) wa ripoti hiyo. Hata hivyo sikuridhika, kwani kuongeza kumbukumbu kwa swali baya ni kulificha. Amri ya EXPLAIN, inayoeleza jinsi hifadhidata inavyotekeleza swali, ikiambatana na ANALYZE na BUFFERS ilionyesha kuwa jedwali la malipo lilisomwa lote, kisha likapangwa upya kila mara. Faharasa moja juu ya namba ya mwanachama na tarehe iliondoa kazi hiyo ya kupanga.

Mengine yalikuwa mepesi. Shared_buffers, yaani kumbukumbu ambayo michakato yote ya PostgreSQL huitumia kwa pamoja, iliyokuwa bado kwenye megabaiti 128 za awali, niliipeleka gigabaiti 2, yaani robo ya kumbukumbu yote; badiliko hili hudai hifadhidata iwashwe upya, kwa hiyo nililifanya usiku. Miunganisho niliipunguza kwa kutumia PgBouncer, programu inayowawezesha watumiaji wengi kushiriki miunganisho michache ya hifadhidata.

Mwisho niliweka mpangilio wa log_temp_files, unaohusu kuandika daftarini mafaili ya muda, kwenye megabaiti 10, ili kila swali linalomwaga kazi yake diskini kupita kiasi hicho liandikwe daftarini. Mama mhasibu hunitumia orodha hiyo kila Jumatatu, nami huanza na swali linalojirudia mara nyingi zaidi, hata kama si lenye faili kubwa kuliko yote.