"Thou" si neno la heshima

Umeuliza kama "thou", neno la Kiingereza cha zamani, ni "you" ya heshima, kwa kuwa Mungu huitwa hivyo kwenye sala za Kiingereza. La, ni karibu kinyume chake. "Thou" ni wewe, mtu mmoja. "Ye" na "you" ni ninyi. Baadaye "you" ikawa ya heshima hata kwa mtu mmoja, kama "vous" ya Wafaransa, na "thou" ikabaki ya mtoto, mtumishi, rafiki wa karibu, au mtu unayetaka kumshusha hadhi.

"Thou" hutenda, "thee" hutendwa: "thou seest me", "I see thee". Kitenzi hubeba -st: "thou hast", "thou knowest", isipokuwa vichache kama "art", "shalt" na "wilt". Hapo ndipo wengi wanapoteleza na kuandika "thou knoweth", wakati -eth ni ya "he" na "she".

Fungua Luka 22:31-32 katika Biblia ya Kiingereza ya 1611. Shetani amewataka "you", lakini Yesu amemwombea "thee". Msomaji wa Kiingereza cha leo akiona "you" mbili hajui kwamba wa kwanza ni wanafunzi wote na wa pili ni Simoni peke yake. Sisi tunasoma "amewataka ninyi", "nimekuombea wewe", na hatuhitaji maelezo.