Ubao wa tezi unacheza: nifunge mashine gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina boti ya faiba ya mita 7 niliyoinunua ikiwa imetumika miaka mingi, nami huvulia hapa Kilwa Masoko. Mashine yake ni ya nguvu za farasi 40, ya mipigo miwili, yenye shafti fupi, yaani mguu wake unaoshuka majini ni mfupi. Siku hizi nikiongeza mwendo ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine, unacheza, na maji ya kahawia yanachuruzika kwenye matundu ya bolti. Fundi amenishauri niubane ubao huo kwa mabamba ya chuma, kisha ninunue mashine ya nguvu 60 ya mipigo minne. Je, nimfuate?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usifunge mabamba hayo. Maji ya kahawia ni dalili kwamba plaiwudi iliyofichwa kati ya tabaka mbili za faiba imeoza, na chuma hakiwezi kushika mti uliokwisha kuwa unga. Kitausitiri ubovu tu mpaka siku mashine itakapong'oka mkiwa mbali na pwani. Kwa uhakika zaidi, toboa tundu dogo kwa ndani utazame kama vumbi la mbao ni kavu na jeupe, au ni bichi na jeusi.

Kata tabaka la ndani peke yake, uliache la nje kwa kuwa ndilo linalotunza umbo la chombo, kisha ondoa mti wote ulioloa, hata ule unaoonekana mzima, uache pakauke kabisa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha, na wakati wa masika, bila banda, ni afadhali usianze. Gandisha pamoja plaiwudi mbili za baharini za milimita 18, ukipaka kingo zote epoksi, gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu. Naipendelea epoksi kuliko poliesta, ile gundi ya kawaida ya faiba, kwa sababu hushika mti vizuri zaidi, ila ukishaanza nayo usirudi kwenye poliesta, kwani haigandi vema juu yake. Kitambaa cha faiba kipande mbavuni na kishuke chini ya boti, kila tabaka likilipita lililotangulia, ili msukumo wa mashine ubebwe na chombo kizima na si ubao peke yake.

Matundu ya bolti ndiyo mlango wa kawaida wa kuoza. Yatoboe mapana, yajaze epoksi, kisha utoboe tena katikati, maji yasiuguse mti.

Kuhusu mashine, amua kabla hujaufunga ubao, kwa sababu sasa ndipo unapoweza kubadili kimo chake. Shafti fupi huhitaji kimo cha sentimita 38 hivi, na ndefu sentimita 51. Mimi ningeuinua ubao ufikie shafti ndefu, maana tezi fupi huingiza wimbi la nyuma unapopunguza mwendo wakati wa kusi. Lakini ukifanya hivyo, mashine yako ya sasa haitafaa tena, kwani rafadha (propela) yake itakuwa juu mno.

Mashine ya mipigo minne hula mafuta kidogo, nawe huchanganyi oili kwenye petroli, lakini ni nzito, mara nyingi kwa kilo 20 au zaidi hata ikilingana nguvu na ya mipigo miwili. Tazama kibao cha mtengenezaji kinachotaja nguvu ya juu kabisa. Kama kimepotea, baki na 40. Hata hivyo, kabla ya kununua, weka tezini mifuko ya mchanga yenye uzito utakaoongezeka, pamoja na nyavu na barafu yako, uone maji yanafika wapi.

Siku ya kuifunga, bamba lililo juu ya rafadha liwe sawa na chini ya boti, au lishuke kwa sentimita 2 hivi. Mashine ikipiga kelele na kukosa nguvu unapokata kona, ishushe kwa tundu moja la bolti zinazoishikilia.